Yah: Mtoto wa Pili

Bwana Mratibu, barua yako imenifikia.
Mtendaji aliileta kwa pikipiki,
akaikunjua juu ya gunia la pumba,
akanisomea kwa sauti ya kutangaza msiba:
shilingi laki moja na arobaini na nne elfu
"zilizolipwa kimakosa."
Kimakosa. Neno zuri. Halina mwenyewe.

Nakujibu kwa mkono wa mjukuu.
Macho yangu huuona mlima siku ukijifunua,
herufi hayazioni.

Siku ya kuandikishwa, barazani pa chekechea, Msaranga,
masika yanapiga bati hata tunasemezana kwa vidole.
Kijana wenu ana kishikwambi, ana haraka, ana baridi.
Mtoto anaitwaje?
Nikasema, Ndeshukurwa.
Na kanisani?
Theodora.
Akabonyeza. Akabonyeza tena.
Basi hapo ndipo nilipojifungua,
mimi Aikaruwa, miaka sitini na nane,
bila uchungu, bila mkunga,
pacha aliyetoka kwenye kidole cha mtu.

Miaka mitatu amekaa kwangu sikumjua.
Elfu nane zake, kila baada ya miezi miwili,
zilipita mkononi mwangu
kama maji ya mfereji siku ya zamu yetu:
huulizi tone hili la nani,
unafungulia migomba.

Unataka hesabu? Chukua.
Viatu vya shule, pea moja. Pacha hakuvaa.
Bati mbili za jikoni. Hakulala chini yake.
Dawa ya presha, nusu dozi, nusu dozi.
Mbuzi jike, akafa na mimba yake.
Chumvi sikuiandika,
nani huandika chumvi?

Nimeshuka mjini mara nne.
Ya kwanza, mtandao haupo.
Ya pili, wewe hupo.
Ya tatu, faili limekwenda Dodoma,
nikawaza, limepanda basi gani, nani kalilipia nauli?
Ya nne, binti wa dirishani akaniambia,
Bibi, dawa ya deni kulipa.
Nikamwuliza, na dawa ya kosa?
Akaitazama kompyuta
kama mtu anayepapasa ufunguo
kwenye mfuko uliotoboka.

Akasema dole gumba langu lipo, nilikubali.
Dole hili limemenya ndizi miaka sitini,
limeisha mistari.
Mashine yenu ililikataa mara tano siku ile,
mpaka kijana akalipangusa kwa shati lake.
Leo ndilo shahidi wenu.

Lakini si hayo yaliyonifanya niandike.
Mlipomfuta Theodora,
mfumo ukamwona Ndeshukurwa:
tarehe ileile ya kuzaliwa, bibi yuleyule,
ukamfuta naye.
Mwezi uliopita nimepokea ya mtu mmoja,
tena imekatwa elfu nne za deni,
na mtakata hivyo hivyo, nimehesabiwa,
hadi nifike sabini na saba.
Kwenye daftari lenu naishi peke yangu.
Namlipia mtoto asiyekuwepo
kwa fedha ya mtoto aliyepo.

Naye yupo, Bwana Mratibu.
Ana miaka tisa, ametoa ulimi nje kwa kuandika,
ameniuliza sasa hivi "mfumo" ni neno moja au mawili.
Aliponisomea hapo juu kwamba amefutwa
alicheka,
kisha akanyamaza, akaenda kuchota maji
ambayo hatukuyahitaji.

Sikatai kwamba fedha ilizidi.
Ilizidi. Nimeila. Ilikuwa tamu.
Ila mwenye kosa ana mshahara wake mwisho wa mwezi,
na mimi nina barua.
Njooni mumchukue wa kwenu, yule wa kalamu,
mtamkuta hajachakaa.
Wangu nirudishieni.

Hapa chini ni dole gumba.
Likikataa, jaribuni tena.
Lipanguseni kwa shati.